Mota Yenye Nguvu na Mota Inayovuta

Vijana wa ofisina ya Palma wameniomba, sasa kwa kuwa nimetundika ovaroli, niwaandikie ninachojua kuhusu mota. Mota ndivyo tunavyoita pikipiki huku kwetu, na ofisina ni karakana. Naeleza hivyo kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo ya Ruvuma. Waliponiomba, niliwauliza wanataka kujua nini hasa. Momade, ambaye ndiye anayeshika spana zangu sasa, akajibu: "Tuambie tu, mestre, ipi ina nguvu." Ni swali nililoulizwa tangu siku yangu ya kwanza kazini na sijalijibu hadi leo. Nitaeleza kwa nini. Atakayetaka kujua nilipandishwa cheo lini, aende akaulize ofisini. Mimi nimesahau, na nadhani ofisi nayo imesahau.

Niliingia ofisina nikiwa mtu mzima, nimeshaoa. Kabla ya hapo nilikuwa mwangalizi wa injini ya kukamulia mafuta ya nazi kwenye shamba moja la minazi, injini ambayo ilifanya kazi moja tu na kuifanya vizuri, jambo ambalo baadaye nilikuja kulitamani kwa watu pia. Fundi mkuu aliyenipokea alikuwa mestre Saide, Mmwani wa kisiwa cha Macaloe, aliyejifunza ufundi kwenye injini za mashua. Sikio lake moja liliharibiwa na baruti ya kuvulia samaki. Kwa hiyo alipotaka kusikiliza injini, aligusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na kuuma mpini kwa meno. Alisema meno hayadanganyiki na kelele. Nimejaribu. Ni kweli, ila huchakaza meno.

Siku ile ya kwanza alinionyesha injini ya lori iliyolala juu ya mkeka. "Hii ina nguvu?" akaniuliza.

"Naona inayo. Ni kubwa."

"Inavuta nini?"

Nikatazama. Ilikuwa haivuti kitu, imelala.

"Basi hujui kama ina nguvu," alisema, akanipa beseni la mafuta ya taa nioshe vyuma vyake kimoja kimoja na kuvipanga kwa mpangilio wa kutoka. Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nilianza kushuku kwamba hakuwa anatania, lakini alikuwa ameshafariki, na sikuwa na wa kumuuliza.

Kusoma nilijifunza chuoni, yaani herufi za Kiarabu. Herufi za Kireno nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya injini na kamusi iliyopasuka jalada. Ndiyo sababu Kireno changu ni cha mashine. Naweza kumwelekeza mtu kukaza nati kwa ufasaha, lakini siwezi kumpa pole ya msiba.

Vita vya ukombozi vilipofika pande zetu, kitu cha kwanza kubadilika ofisina kwetu kilikuwa kazi zenyewe. Zamani lori lilikuja na ugonjwa, tukalitibu. Sasa lililetwa likiburutwa. La kwanza lilitoka njia ya Awasse na sehemu yake ya mbele haikuwepo. Mestre Saide alilizunguka, akaniambia nifungue magurudumu ya nyuma, hayo ni mazima. Mwenye ofisina, mfanyabiashara wa Kireno, alihamia kusini na familia yake, akatuachia funguo. Mchana tuliwatengenezea askari wa Kireno magari yao ya jeshi. Jioni tulikaa na jamaa zetu, na kila mmoja alikuwa na mtoto wa shangazi aliyeingia msituni. Mimi sikujua nisimame wapi, nikasimama kwenye meza ya kazi. Nasema hivyo bila kujisifu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi.

Katika banda letu palikuwa na mota mbili. Kabla ya vita, wasafiri wa Kizungu walikuwa wakipita kutoka kusini kwenda kaskazini kwa mota za safari ndefu, zile zenye mabegi ubavuni na tangi kubwa. Vita vilipofunga kivuko cha Ruvuma, wawili kati yao waliziacha zao kwetu, wakaondoka kwa ndege wakisema watarudi. Moja ilikuwa ya Kijapani, mpya, silinda mbili, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya Kiingereza, nzee, yenye silinda moja kubwa kama sufuria ya harusi. Kitabu cha ile ya Kijapani kiliandika nguvu karibu maradufu ya ile ya Kiingereza. Nguvu huandikwa kwa hesabu ya farasi, na mimi farasi nilikuwa sijamwona, ila niliamini.

Serikali iliagiza ile ya Kijapani apewe enfermeiro Damião, muuguzi wetu, Mmakonde Mkristo wa uwanda wa juu, mtu mrefu mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa kwenda Pundanhar. Wanavijiji wa pande zile walikuwa wamekusanywa pamoja ndani ya uzio, na hospitali haikuwepo. Alikwenda na mkunga, Bi Somoe, mwanamke wa Palma hapa hapa, ambaye alikuwa amepokea nusu ya mji huu kwa mikono yake, nami nikiwemo. Pundanhar ndiko alikoolewa dada yangu Zaituni, na mumewe Bakari mkulima. Zaituni alikuwa amepoteza watoto wawili wakati wa kuzaa, na sasa alikuwa na mimba ya tatu. Kwa hiyo mota ile haikuwa kazi ya serikali tu kwangu. Isipofika, dada yangu angejifungua bila mtu anayejua kitu.

Sasa nieleze barabara, kwa sababu bila barabara hamtaelewa mota. Ile ya Pundanhar ni ya mchanga. Magari yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, na kati ya mifereji pamebaki tuta lenye nyasi, upana wake kama mkeka mmoja wa kulalia. Mabomu yalifukiwa mferejini, kwa ajili ya magari ya jeshi. Hivyo ndivyo kila mtu alivyosema, ingawa sikukutana na mtu aliyefukia hata moja akanithibitishia. Kwa hiyo mota ilipita juu ya tuta. Taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo, maana tuta lina mashimo na mizizi. Kuyumba kidogo tu ni kuteleza mferejini.

Damião alirudi safari ya kwanza amechubuka kiwiko.

"Mestre," alimwambia Saide, "mota hii imelewa."

"Imelewa vipi?"

"Nikiipeleka polepole, inazimika. Nikiipa moto, inaruka kama mbuzi. Na hata ikienda sawa, inayumba."

"Inayumba kabla ya kuruka au baada?" niliuliza mimi.

"Amisse, ndugu yangu, mimi nilikuwa natazama chini. Sikupata nafasi ya kupanga."

Nikaifungua. Beringi za magurudumu nzima. Spoki zote zimekaza. Oili ya foku za mbele safi. Tairi jipya. Niliipeleka mwenyewe barabara ya uwanja wa ndege, ambayo ni ngumu na imenyooka, na ilikwenda kama uzi. Niliachia usukani mkono mmoja, ikaendelea kunyooka. Damião naye akaijaribu pale, akarudi anatikisa kichwa. Alipokwenda tena Pundanhar, ikalewa tena. Kwa muda mrefu ndivyo tulivyokaa: Palma mota ina akili timamu, Pundanhar ni mlevi. Bi Somoe alisema labda haipendi kwenda.

Kosa letu lilikuwa kudhani ni ugonjwa mmoja. Mestre Saide ndiye aliyesema, akiwa anakula muhogo, kwamba mtu anaweza kuumwa jino na mguu siku moja na visihusiane. Kwa hiyo tukatenganisha. Kwanza kuzimika, kisha kuyumba.

Kwa kuzimika tulikwenda ufukweni. Tulifunga magunia ya mbata juu ya ubao mpana, tukaunganisha kamba na mota, tukaamua kwamba itakayovuta ubao ule mchangani kwa mwendo wa taratibu kuliko wote ndiyo tunayoitafuta. Watu wa pwani walikusanyika kutazama. Mmoja aliuliza kama tunayapeleka magunia Maka. Ile ya Kijapani nikiitia moto mdogo ilizima. Nikiitia moto mkubwa, klachi ilitoa moshi, kisha nguvu ikaja yote kwa mkupuo na gurudumu likachimba shimo la kuzikia mbuzi. Tukaileta ile ya Kiingereza, ambayo hakuna aliyeiheshimu. Ilitoa sauti yake, dum, dum, dum, ikavuta ubao kama mtu anayekwenda Ijumaa mapema.

Nikarudi kwenye vitabu viwili na kamusi. Chini ya mstari wa farasi palikuwa na mstari wa pili, ambao niliupita kila mara kwa kuudhani ni wa mambo ya umeme. Ulikuwa wa nguvu ya kusokota: jinsi injini inavyokaza mhimili wake kwa kila pigo. Katika mstari ule Mwingereza alikuwa mbele, na aliipata nguvu yake injini ikiwa bado inakwenda polepole. Mjapani aliipata yake juu kabisa, injini ikilia.

Vijana, eleweni hivi. Wanawake wawili wanatwanga. Mmoja ana mchi mwepesi na anapiga haraka sana. Mwingine ana mchi mzito na anapiga taratibu. Kwa asubuhi nzima, mwenye mchi mwepesi anaweza kumaliza unga mwingi zaidi. Hiyo ndiyo hesabu ya farasi, kazi kwa muda. Lakini mchi mzito huvunja punje kwa pigo la kwanza, hata mtwangaji akiwa hana haraka. Hiyo ndiyo nguvu ya kusokota. Kwenye lami utamtaka wa kwanza. Juu ya tuta la Pundanhar, ambako kuharakisha ni kufa, utamtaka wa pili. Zaidi ya hapo, ile injini ya Kiingereza ina gurudumu zito ndani yake linaloendelea kuzunguka kwa uzito wake kati ya pigo na pigo, hivyo haizimiki kwa urahisi.

Ningependa kuishia hapo. Ni maelezo mazuri, na nimeyatoa mara nyingi mbele ya watu. Tatizo ni kwamba tulimpa Damião ile ya Kiingereza, akaenda, akarudi, akasema: "Haizimi tena. Lakini bado inayumba."

Nikafungua tena kila kitu. Nzima. Hapo nilianza kukosa usingizi, kwani tumbo la Zaituni lilikuwa limeshuka, ndivyo Damião alivyonieleza, na Bi Somoe alisema mtoto amekaa vibaya. Wiki ile ile nilisimama mlangoni asubuhi wakati wanaondoka, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sababu asubuhi huwa ninawasha jiko la kuchomea. Nikamwona Bi Somoe anavyopanda. Alikaa kiupande, miguu yote kushoto, ikining'inia. Kisha akasokota kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, na juu ya kata akajitwika furushi lake, kubwa kama boga la sherehe. Wakaondoka hivyo.

"Damião," nilimuuliza aliporudi, "kila safari bibi anabeba furushi kichwani?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Hujaniuliza pia kama amevaa kanga."

Sikuweza kumlaumu. Mama yangu mimi alikwenda kisimani hivyo, sokoni hivyo, msibani hivyo. Mzigo kichwani kwa mwanamke wa kwetu si habari. Kama Damião angekuja na taarifa hiyo, ningemwona ana homa. Lakini kwa mota, mzigo juu kule ni kama mtu anayetikisa mlingoti wa ngalawa. Nikamwita Bi Somoe ofisina, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Bibi, furushi tutalifunga nyuma hapa, kwenye chuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma yako, bibi. Hapa ulipokalia."

"Yaani liwe jirani ya makalio." Aliketi juu ya boksi la plagi bila kukaribishwa. "Mwanangu, ndani ya furushi hili mna nguo za kumpokelea mtu. Haziendi chini ya kiuno mpaka kazi iishe. Mama yangu hakuzishusha, na aliyemfundisha hakuzishusha. Wewe mwenyewe ulipokelewa na nguo ambazo hazijakaliwa."

"Basi ulifunge mgongoni."

"Mgongoni hubebwa mtoto. Akishatoka."

Damião alikuwa anacheka pembeni. "Mwache, Amisse. Mimi nilimwomba akae miguu huku na huku kama sisi, akaniambia atanisemea kwa padri."

"Si kwa padri tu," alisema Bi Somoe. "Kwa mama yako. Padri atakusamehe."

Mestre Saide alikuwa anamtazama Bi Somoe, naye Bi Somoe alikuwa bado amejitwika furushi, ameketi, anabishana na mimi, anageuza shingo huku na huku, na furushi limetulia kama lililopigwa msumari. Akamwomba asimame, atembee. Halikutikisika. Akamwomba apande juu ya meza yangu ya kazi, iliyo ndefu, akae ukingoni. Hapo shingo ilianza kufanya kazi, mara kushoto, mara kulia, na mkono mmoja ukapanda kulishika.

"Nini kimebadilika, dada?" akamuuliza.

Bi Somoe akatazama chini. "Miguu yangu haipo," alisema.

Ndiyo hiyo. Mwanamke yule alikuwa anaweza kupita na mzigo juu ya mtumbwi, lakini alipokosa pa kukanyaga, mwili mzima ulihangaika kulisawazisha furushi, na mota ikahangaika naye. Niliona aibu kidogo, kisha nikafanya kazi. Nilifunga ubao wa kukanyagia upande wa kushoto, chini ya miguu yake. Nikahamisha sanduku la dawa la Damião kutoka nyuma kwenda ubavuni kulia, lisawazishe uzito wa mtu aliyekaa kiupande. Nikabadilisha gia ndogo ya mnyororo, ya mbele, nikaweka yenye meno machache, mota ivute zaidi na kukimbia kidogo. Mestre Saide alinionya. Kanuni yake ilikuwa fundi abadilishe kitu kimoja, ajaribu, ndipo abadilishe kingine. La sivyo hatajua kilichoponya. Nilimwambia najua, lakini dada yangu hana muda wa kanuni. Akanishikia taa ya karabai chini ya fremu.

Kabla Damião hajaijaribu, akaangushwa na homa. Na siku ile ile, kabla ya adhuhuri, akaja mtu kwa miguu kutoka Pundanhar, mchafu wa vumbi mpaka kope. Zaituni alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana, na mtoto hasogei.

Hakukuwa na mwingine wa kuendesha ile mota. Nilimfuata Bi Somoe nyumbani, naye alikuwa ameshasimama mlangoni na furushi kichwani. Habari hutembea haraka kuliko mafundi.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alitazama furushi, akatazama ubao, akaniuliza kwa Kireno kama ubao ule ni wa kiwandani. Nikasema ndiyo. Ulikuwa kipande cha mlango wa stoo. Akatuachia.

Nilikuwa sijawahi kuipita barabara ile juu ya tuta. Nilikuwa nimeitengenezea mota kwa maneno ya mtu mwingine. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaacha injini ijiendee, karibu bila kuitia moto, na ikafanya nilichosoma: dum, dum, dum, ikivuta kwa kila pigo. Haikuyumba. Nilingoja iyumbe, haikuyumba. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye nyasi mbele ya gurudumu mpaka yakauma.

"Mwanangu," alisema Bi Somoe nyuma yangu, "unapumua?"

"Napumua, bibi."

"Sikusikii."

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya njia alipotokea mtu kwenye shamba la muhogo lililoachwa, akasimama mbele yetu juu ya tuta. Hakuwa na sare. Bunduki alikuwa nayo, ila aliishika kama mtu anavyoshika jembe akitoka shamba. Nikasimamisha mota bila kuizima. Niliogopa isiwake tena.

"Enfermeiro yuko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha Kimakonde.

"Ana homa."

"Mpe pole. Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Ndiye uliyebadilisha mlio?"

Sikuelewa. "Nimebadilisha mota," nilisema.

"Ile ya kwanza inalia kama ya tarishi wa jeshi. Tukiisikia tunalala chini." Hakusema wakilala chini hufanya nini. "Hii inajulikana. Sasa sikiliza. Ukifika kwenye mti ulioungua, usipite juu ya tuta. Teremka mfereji wa kulia mpaka upite kichuguu, ndipo upande."

"Mferejini?"

"Wa kulia. Juu ya tuta si pazuri tena. Na wao wana macho, na wao wana mota."

Nilitaka kumuuliza "wao" ni nani, maana pande zote mbili zilikuwa na macho na mota. Nilitaka kumuuliza kwa nini anatuambia. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama furushi juu ya kichwa cha Bi Somoe.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akarudi kwenye muhogo. Tulipokwenda kidogo nikauliza: "Bibi, unamjua yule?"

"Nimewapokea wengi," alisema. "Wakikua wanafanana."

Mti ulioungua ulikuwapo. Hapo ndipo nilipokuwa na kazi ya kuamua, na sikuwa na kitabu. Kila mtu wa Palma alisema mfereji ni kifo na tuta ni salama. Mtu mmoja, nisiyemjua jina, alisema kinyume. Labda alitutakia mema. Labda alitaka kuona kama mferejini pamebaki kitu, kwa kututumia sisi. Labda alikosea kulia na kushoto, kwani yeye alikuwa anatazama huku tulikotoka, nasi tulikokwenda. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa zaidi.

"Kulia kwake au kulia kwetu?" nilimuuliza Bi Somoe.

"Alinyoosha mkono," alisema. "Upande wa miguu yangu siyo. Nenda upande wa sanduku."

Nikateremka. Mchanga wa mferejini ulikuwa laini na mwingi, ukameza tairi la mbele mpaka spoki. Mapigo ya injini yakapungua, dum, kisha kimya, kisha dum, na kati ya pigo na pigo nilikuwa na hakika imezima. Ile ya Kijapani ingezima, au ingeruka. Hii iliendelea. Nilimsikia Bi Somoe anaukandamiza ubao kwa miguu yote miwili, na mota ikabaki wima chini yake. Tukapita kichuguu. Kupanda tuta tena kulitaka pigo moja zito, ikalipiga.

Hakuna kilicholipuka. Hilo tu ndilo ninaloweza kuandika kwa uhakika kuhusu safari ile.

Bakari alikuwa getini, uso wake umekauka. Bi Somoe alishushwa akaingia nyumbani moja kwa moja, furushi kichwani, akiinama mlangoni bila kuligusa. Mimi nilibaki nje. Nilisafisha mnyororo. Nilipomaliza nikausafisha tena. Ndani sauti ya dada yangu ilikuja, ikaisha, ikaja, ikaisha kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Alasiri ilikuwa inaelekea kwisha nilipomsikia mwingine analia, sauti ndogo yenye hasira. Bi Somoe akatoka, akakalia jiwe, akanyoosha miguu.

"Umekuwa mjomba," alisema. "Alitanguliza miguu, lakini alikuja. Na mama yake anataka uji."

Bakari aliketi chini pale pale alipokuwa.

Tulilala huko. Usiku ule nilijaribu kupanga, kama nilivyozoea, ni kitu gani kilichotufikisha. Injini ya Kiingereza na nguvu yake ya kusokota. Gia yenye meno machache. Ubao. Sanduku ubavuni. Au mlio, ambao sikuwahi kuufikiria hata siku moja. Au furushi lililoonekana kwa mbali, ambalo nilitaka kuliondoa. Au mama wa kijana yule, ambaye hajambo. Mestre Saide alikuwa amenionya. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwa pamoja, na sasa mgonjwa amepona na mimi sijui dawa ni ipi.

Asubuhi Bi Somoe alitoka na furushi mkononi, linaning'inia kama kikapu cha dagaa.

"Kazi imekwisha," alisema. "Sasa ni nguo za kufua tu. Lifunge nyuma, huko ulikokuwa unataka."

Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Barabara ile ile, mota ile ile, dereva yule yule, abiria yule yule, ubao uko mahali pake. Kitu kimoja tu kibadilike, furushi, na nitajua kitu kimoja kwa uhakika. Fundi hapewi jaribio safi kama hilo mara mbili maishani. Kamba ilikuwa tayari mkononi. Nikatazama chuma cha nyuma, nikatazama barabara inavyoingia msituni, kwenye macho nisiyoyaona.

Nikaikunja kamba, nikaitia mfukoni.

"Jitwike, bibi," nilisema.

"Nimekwambia kazi imekwisha."

"Nimesikia."

Alinitazama kidogo. Kisha akasokota kata upya, akajitwika, akapanda kiupande, akaweka miguu yake juu ya ubao. Nikapiga kiki, ikawaka kwa pigo la kwanza.